Jiko Lako Liko kwa Nani?

Hapo zamani, zamani ile ambayo hata waongo wakubwa hawakuikuta, Warumi walitawala nchi baada ya nchi mpaka nchi zikawaishia. Pale zilipoishia, juu ya mlima wenye mvua ya kila siku na upepo wa kukata masikio, wakajenga ngome. Ngome ya mawe, jamani. Kuta nne, malango manne, handaki la kuzunguka, na ndani wanaume mia tano. Mia tano! Na mwanamke hata wa dawa hakuna.

Sasa semeni wenyewe. Matumbo mia tano, viatu elfu moja vinavyotoboka kila kukicha. Nje ya lango patakaa patupu?

Siku ya tatu akaja mwanamke na chungu chake. Nyuma ya chungu akaja fundi viatu. Nyuma ya fundi viatu akaja mpika pombe ya shayiri. Nyuma ya pombe akaja mganga wa kuumwa vichwa, maana pombe ilikuwa kali. Nyuma ya mganga akaja mhunzi, anafua majembe asubuhi, anang'oa meno mchana, koleo lile lile. Nyumba zikapangana kando ya barabara, ndefu, nyembamba, zimebanana bega kwa bega, kila moja inataka ione lango. Kikawa kitongoji. Hakuna aliyekipanga wala aliyekiruhusu, lakini siku ambayo moshi wake ungekosekana, ngome nzima ingelala njaa.

Basi kulikuwa na sheria. Sheria ilisema: askari haoi. Miaka ishirini na mitano ya kushika mkuki, asioe. Kaisari ndiye aliyesema, na Kaisari alikuwa mbali, penye jua, na ana mke.

Watu wa kitongoji wakaigeuza sheria ile juu chini, wakaitazama tumboni. Wakaona imesema askari asiwe na mke. Haikusema asiwe na jiko. Na jiko si lina mtu wake? Basi wakawa wanasema hivyo: fulani jiko lake liko kwa fulani. Msicheke! Na kwetu mtu akioa, si tunasema kapata jiko? Sisi tunasema kwa utani. Wale walisema kwa sababu hawakuwa na neno jingine la kusema.

Mkuu wa ngome akiuliza, "Wewe, umeoa?" askari anajibu, "Sijaoa, bwana mkubwa. Nina jiko tu." Mkuu anaandika: hajaoa. Kisha anakwenda zake kwa mkewe, maana yeye mkuu sheria haikumgusa.

Na askari akimaliza ile miaka ishirini na mitano mzima, Kaisari alimletea bamba la shaba kutoka Roma. Bamba dogo, la kukaa viganjani, limechorwa maneno. Maneno yalisema: kuanzia leo huyu ni raia, na mwanamke fulani bin fulani, yaani fulani binti fulani, ni mke wake wa halali, na watoto wao ni watoto. Mwanamke mmoja tu. Jina moja tu. Na nakala yake ilipigwa misumari ukutani huko Roma, hata ukifuta hili la mkononi, lile la ukutani linakukodolea macho.

Msidhani bamba lilikuwa pambo. Nyumba zile zilisimama kwenye ardhi ya jeshi. Askari akifa, mke wa bamba anabaki na nyumba yake. Jiko linapewa siku tatu lihame.

Sasa katika nyumba ya nne kutoka langoni alikaa Banona. Banona alikuwa mwenyeji wa mlima ule, kimo kifupi, ulimi mrefu. Jiko la askari Matugeno lilikuwa kwake mwaka wa kumi na sita. Matugeno alikuwa mtu wa mbali, mpana kama mlango, na hajawahi kusema uongo. Si kwa wema, la. Alikuwa hana kasi ya kuutunga. Mtoto wao mmoja, binti, Senika, ana urefu wa baba na ulimi wa mama, Mungu atuhurumie.

Banona alimpenda yule mtu. Alimpenda anavyovua viatu vyenye matope mlangoni bila kuambiwa. Alimpenda anavyokaa kimya akila, kama anayesali. Lakini mtu anayekaa kimya, siku akisema, hasemi neno la maana.

Siku moja Matugeno alirudi kutoka zamu, maji yanamchuruzika, akakaa, akala maharage. Akala, akala, akanyanyua uso, akasema:

"Ya Surila yanalainika zaidi."

Surila ndiye nani? Surila alikuwa mama ntilie wa lango la kusini. Kibanda cha mbao, mabenchi mawili, sufuria tatu, kicheko kimoja kinachosikika mpaka ndani ya ngome. Askari wasio na jiko walikula kwake. Juu ya mlango wake palichorwa chungu, jina halikuandikwa. Mtu wake alikuwa askari, akafa, ndiyo hiyo tena.

Banona alinyanyuka, akachukua mtungi, akaumwagia moto maji. Pssss! Nyumba nzima ikajaa mvuke.

Kitongojini pale hiyo ndiyo ilikuwa njia. Mwanamke akichukizwa na mtu wake, hapigi kelele, hatupi vyombo. Anamwaga maji. Moto wa kule ulikuwa haufi, ulifunikwa majivu usiku na kufunuliwa asubuhi, mwaka mpaka mwaka. Kwa hiyo paa lisilotoa moshi lilikuwa tangazo tosha.

"Nenda ukale laini, baba Senika."

"Nimesema kweli tu, mama Senika."

"Basi nenda na kweli yako, mkale pamoja."

Siku ya kwanza paa la Banona halikutoa moshi. Majirani wakasema, "Ehee." Siku ya pili halikutoa moshi. Majirani wakasema, "Eheee!" Ikafika siku ya tano, na majirani walikuwa wameishiwa na maneno, wanatazamana tu na kukohoa.

Siku ya tano ndiyo karani alipotoka ngomeni na kibao chake cha nta. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye haya mpaka masikioni, amehamishiwa pale juzi juzi kutoka mjini. Katumwa aorodheshe wanaomaliza utumishi, ili majina yaende Roma. Mwaka ule walikuwa wawili. Wa kwanza hakuwa na jiko wala mbwa. Wa pili, Matugeno.

Karani angemuulizaje? Akisema, "Mkeo nani?" amemtaka mtu aungame kosa. Akasafisha koo, akauliza kwa lugha ya kitongoji kama alivyoisikia:

"Matugeno, ehh, kwa sasa jiko lako liko kwa nani?"

Na juzi yake tu watu wa ghala walipita wakiuliza nani anakula nje, wampunguzie shayiri. Matugeno akadhani ni habari ile ile ya shayiri.

"Kwa sasa?" akasema. "Kwa Surila."

Karani akaandika. Alikuwa karani mwema, na karani mwema hatosheki na shahidi mmoja. Akateremka mpaka lango la kusini.

"Bibi, Matugeno jiko lake liko kwako?"

Surila alikuwa anakoroga. Akaacha kukoroga. Akamtazama karani, akakitazama kile kibao. Akasema taratibu, "Kwangu."

Karani akaandika. Akarudi juu kwa kupitia nyumba ya nne kutoka langoni, na pale mlangoni akamkuta Banona anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Mama, samahani. Nimeambiwa Matugeno jiko lake liko kwa Surila. Ni kweli?"

Banona alimtazama mtu yule na masikio yake mekundu, akaona ametumwa aje kumcheka. Damu ikampanda.

"Kweli kabisa! Andika! Tena andika kwa herufi kubwa, asome hata kipofu kwa kidole!"

Karani akaandika. Kwa herufi kubwa.

Siku ya tisa baridi ilimwingia Banona kwenye magoti. Senika alikuwa amechoka kula mkate mkavu. "Mama," akasema, "kama kosa ni maharage, mbona tunaadhibiwa sisi na uji?" Banona alinuna, akajifanya hakusikia, akasikia.

Siku ya kumi akatoka kutafuta moto. Na njia ya kitongoji ni kwamba aliyezima kwa mkono wake aombe kaa kwa mdomo wake. Akabisha mlango wa kwanza. "Kwangu umezimika, mwenzangu," na moshi unapanda paani. Akabisha mlango wa pili. "Kwangu umezimika, shoga," na harufu ya mkate inamtekenya pua. Walikuwa wanamcheka, washenzi wale! Akateremka, akateremka, akafika lango la kusini. Surila hakusema umezimika. Alichukua kigae, akachagua kaa kubwa, jekundu mpaka ndani, akaliweka.

"Asante, dada," akasema Banona.

"Lifunike. Upepo mbaya leo," akasema Surila, na hakumtazama usoni.

Matugeno alipoona moshi paani alirudi mbio na mkuki begani kama anayekwenda vitani. Akala maharage. Banona akamkodolea macho.

"Mazuri," akasema Matugeno.

"Yamelainika?"

Matugeno akafikiri sana. "Niko nyumbani," akasema. Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Ukapita mwaka na miezi. Bamba likaja.

Siku hiyo mvua ilikatika kidogo kwa heshima. Kitongoji kizima kilisimama mbele ya lango la kusini. Banona amevaa nguo aliyoitia rangi nyekundu mwenyewe, amesimama mbele, Senika ubavuni mwake, Matugeno amechana ndevu. Mkuu wa ngome alikuwapo, shavu limevimba kwa jino bovu, anaona kila mtu adui. Karani akalifungua bamba, akasoma kwa sauti. Kaisari, vyeo vya Kaisari, baba wa Kaisari, babu wa Kaisari. Watu wakapiga miayo. Mwisho akasoma:

"Na Matugeno mwana wa Loko, na Surila, mke wake, na watoto wao."

Mwiko wa Surila ukaanguka chini, tap.

"Hongera bibi harusi!" mtu mmoja akapiga kelele nyuma, na wenzake wakamziba mdomo kwa makofi.

"Baba!" akasema Senika.

"Nini?" akasema Matugeno.

Banona hakusema kitu. Yeye, Banona, hakusema kitu! Ndipo watu wakaogopa.

Mvua ikarudi kwa kishindo, wote wakakimbilia kibanda cha karibu, na kibanda cha karibu kilikuwa cha nani? Cha Surila. Mkuu akaketi benchini, akaliweka bamba mezani katikati ya bakuli, akashika shavu.

"Semeni kwa ufupi. Jino linaniua."

"Ni mimi," akasema karani, masikio yanawaka. "Niliona haya kuuliza swali lenyewe. Niliuliza jiko."

"Ni mimi," akasema Matugeno. "Niliulizwa jiko, nikajibu tumbo."

"Ni mimi," akasema Banona. "Niliulizwa kweli, nikajibu hasira. Karani aliniuliza mlangoni kwangu, nikamwambia andika."

Watu wakamgeukia Surila. Surila alifuta mikono kwenye kanga, aa, si kanga, kitambaa chao kile cha sufu, akafuta tena.

"Wao walikosea," akasema. "Mimi sikukosea. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua swali. Mlinisahau kwamba nilikuwa na mtu? Vindiko wangu alifika mwaka wa ishirini na tano. Karani wa wakati ule alikuja na kibao kama hiki, akamuuliza jiko lako liko kwa nani, Vindiko akasema, kwa Surila, nami nimesimama pale pale. Jina langu likaenda Roma. Kabla halijarudi, homa ikamchukua. Na maiti haletewi bamba. Nilipewa siku tatu. Siku ya nne nilikuwa hapa kusini na sufuria moja, na hiki kibanda mkuu akiamka vibaya anakivunja kwa teke. Basi aliponijia huyu bwana na kuniuliza tena swali lile lile, nilijua linakokwenda. Nikasema liende. Mara ya kwanza jina langu lilikwenda bure, mara hii lirudi na bamba. Nilidhani litafutwa njiani."

Banona sasa akapata sauti.

"Ulijua! Na siku ya kumi nikaja kwako kuomba moto, ukanipa kaa, ukanyamaza!"

"Nilikupa kubwa kuliko yote, Banona. Kwa nini unadhani?"

Banona akafunua mdomo, akaufunga. Wanawake wawili wa nyuma, wale wa umezimika mwenzangu, umezimika shoga, wakaanza kuchunguza mbao za dari.

"Lirudishwe Roma," akasema Senika. "Waandike vizuri."

"Likirudi halirudi tena," akasema karani kwa huzuni. "Nimewahi kuona. Watasema askari huyu hajui mkewe, na hatapata bamba wala uraia. Miaka yote ishirini na mitano inakwenda na maji." Kisha akashusha sauti kama anayetoa siri ya jikoni. "Ila kuna mlango mdogo. Kaisari hajui sura. Kaisari anajua jina. Nyumba ile ya nne kutoka langoni, mwanamke aliyemo akiitwa Surila kuanzia leo, daftarini, barabarani, na kaburini, basi bamba ni lake, na Senika ni mtoto wa bamba. Lakini kitongoji hiki kimeandikwa Surila mmoja. Huyu mwingine itabidi atafute jina jingine."

"Hilo hapana," akasema Surila.

Alisema kwa upole, lakini sufuria zote tatu zilisikia.

"Dada Banona, nisikilize. Matugeno simtaki. Mchukue leo, kesho, na keshokutwa. Amewahi kusinzia kwenye benchi hili, akakoroma mpaka uji ukamwagika. Mume ni wako. Lakini jina ni langu, na mwenye kuliita vizuri alikufa nalo mdomoni. Nikikupa wewe, mimi nitaitikaje? Niachie bamba. Mimi niwe mke wa shaba, wewe uwe mke wa nyumba. Senika ataandikwa wangu, nyumba itakuwa yangu kwa maandishi, na naapa kwa mvua hii, hakuna atakayekupa wewe siku tatu wakati mimi ni hai."

"Wakati wewe ni hai," akasema Banona. "Na ukitangulia?"

Surila akaitazama mvua aliyoiapia.

Banona alilitazama bamba. Akajaribu kichwani mwake kuitwa Surila. Akamsikia Matugeno akivua viatu mlangoni na kuita, Surila, nimerudi, na yeye anaitika, abee. Jina lake alipewa na bibi yake, na bibi alilipata kwa bibi yake, kabla hata Mrumi mmoja hajauona mlima ule. Akajaribu upande wa pili: Senika, mtoto aliyemzaa kwa uchungu wa siku tatu mchana na usiku, ameandikwa wa Surila.

"Miaka kumi na saba," akasema. "Nimemkausha nguo miaka kumi na saba. Nimemtoa mishale miwili na kupe elfu. Nikaharibu kwa neno moja mlangoni. Je, neno moja lina uzito kuliko miaka kumi na saba?"

"Mimi neno moja ndilo nililokuwa nalo," akasema Surila.

Mkuu wa ngome alimgeukia Matugeno. "Wewe! Mwenye bamba! Huna la kusema?"

Matugeno alisimama, kichwa kikagonga dari.

"Bwana mkubwa, niliulizwa kwa sasa jiko langu liko kwa nani, nikasema kwa Surila. Kwa sasa ile ilikuwa kweli. Ukiniuliza kwa sasa hii, ni kwa Banona. Akinimwagia maji kesho, nitakuja hapa kula. Ndivyo nilivyo." Akatafakari, jasho linamtoka, maana hotuba ndefu kama ile hajawahi kuitoa. "Ila hakuna mtu aliyeniuliza nikitoka zamu narudi wapi. Hilo ningelijibu hata usingizini."

Banona akainamisha uso akakung'uta nguo isiyo na vumbi. Surila naye akageukia sufuria zake, akakoroga iliyokuwa tupu. Vindiko wake naye alikuwa na mahali pa kurudi, na wote mle ndani walikumbuka hivyo kwa pamoja.

"Mimi naombeni niseme," akasema Senika. "Mnavutana kuhusu nani mke. Bamba limesema na watoto wao. Mtoto ni mimi peke yangu. Nikiwa wa shangazi Surila, nimemwibia mama. Mama akiitwa Surila, nimemwibia bibi aliyempa jina. Likirudi Roma, nimemwibia baba. Jamani, mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa, mwanangu," wakasema Banona na Surila, kwa sauti moja, kisha wakatazamana kwa hasira, kila mmoja anauliza kwa macho, umemwita nani mwanangu?

Mkuu wa ngome akapiga meza.

"Basi! Kaisari mwenyewe angekuwa na jino hili asingeamua. Nakwenda kwa mhunzi. Bamba nitaliacha hapa. Nikirudi, mwanamke nitakayemkuta amelishika ndiye Surila mke wa Matugeno, na sitauliza alizaliwa akiitwa nani. Nikikuta hakuna aliyelishika, nalirudisha Roma leo hii, na kila mtu arudi alikotoka. Nimemaliza."

Akatoka kwenye mvua, ameshika shavu.

Bamba likabaki mezani katikati ya bakuli. Bamba dogo, la kukaa viganjani.

Banona akanyoosha mkono, mkono ukasimama nusu ya njia. Surila akanyoosha mkono, ukasimama nusu ya njia.

"Chukua," akasema Surila. "Una mtoto."

"Chukua wewe," akasema Banona. "Una kibanda cha kupigwa teke."

"Chukua, lakini jina langu usiliite kwa hasira."

"Chukua, lakini mwanangu usimfundishe kupika maharage."

Surila akacheka, kicheko cha kwanza siku ile, kidogo tu, kisha machozi yakafuata mkondo ule ule. Banona naye. Na bamba liko pale pale, limesukumwa kidogo huku, limesukumwa kidogo kule, na watu wa kitongoji wamejazana madirishani, hawapumui, nusu wananong'ona Banona, nusu wananong'ona Surila.

Ndipo wakasikia kutoka kwa mhunzi ukelele mmoja mrefu, jino limetoka. Kisha viatu vya mkuu vikaja kwenye matope. Chwap. Chwap. Chwap. Akasimama mlangoni, kitambaa chenye damu mdomoni, hawezi kusema. Akanyanyua kidole tu, kukiuliza chumba kizima.

Watu wa kitongoji kile walibishana siku ile. Wakabishana watoto wao. Ngome ikaja ikabomoka, mawe yake yakajengewa mazizi, na wao bado wanabishana kando ya barabara.

Basi na nyinyi mliokaa hapo mkitafuna karanga, acheni kutafuna kidogo. Kidole cha mkuu kiko hewani. Banona aliishi ndoa miaka kumi na saba, akaikana mara moja kwa mdomo wake. Surila hakuiishi hata siku moja, lakini alilijua swali, na aliandikwa. Mmoja akilishika, mwenzake anabaki bila jina, au bila mtoto. Wasipolishika, Matugeno anapoteza yote.

Je, mkono wa nani ulistahili kulishika?